Msuli unavuta tu, sasa tunasukumaje?

Ndugu, umeuliza: kama msuli hauwezi kusukuma, mlango tunausukumaje? Jibu liko kwenye jozi ya misuli: mmoja unakunja mkono, mwingine unaunyoosha. Shika mkono juu ya kiwiko, kisha ukunje: msuli wa mbele unajikaza, unavimba na kuvuta kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, juu. Sasa sukuma meza. Utahisi wa nyuma ndio umekaza. Huo umeshikana na ncha ya kiwiko, ukiivuta mkono unanyooka.

Kinachonishangaza hadi leo ni vidole: ndani yake hamna misuli ya kuvikunja! Ile yenye nguvu iko kwenye kigasha, inavivuta kwa kano, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa, ndefu zinazopita kiganjani. Kunja ngumi polepole huku umeshika kigasha, utaihisi ikicheza chini ya ngozi.