Hesabu Matundu Mia Moja Kwanza: Kuokoa Filamu za Habari za Vita

Mkebe wowote wa filamu ya milimita 35 wa kabla ya miaka ya 1950 uchukulie kuwa ni nitreti, plastiki ya zamani inayowaka kwa urahisi, mpaka uthibitishe vingine. Kampuni ya Kodak ilileta mkanda salama (usioshika moto kirahisi) wa triasetati, aina ya asetati, mwaka 1948, na filamu za habari za vita vyote viwili vikuu zilikuwa zimeshapigwa. Usiridhike na neno SAFETY au NITRATE ukingoni: nakala inaweza kurithi maandishi ya negativu yake. Milimita 16 ilitengenezwa salama tangu 1923. Adui wake ni kuoza kwa asetati, kunakotambulika kwa harufu ya siki.

Nitreti ikishawaka haizimiki. Inajitolea oksijeni yenyewe na huwaka hata ndani ya maji, na iliyooza inaweza kujiwasha kwenye joto la nyuzi 40 na kidogo tu. Kwa hiyo weka mkebe mmoja tu mezani, feni ya kutoa hewa nje iwe inafanya kazi, na taa yenye joto ikae mbali.

Kuoza kwake kuna mpangilio. Picha hufifia na kuwa na rangi ya chai, utando wa picha huanza kunata, yatokee mapovu kama asali, mkanda ushikamane kuwa tonge, mwisho uwe unga wa kahawia. Mkanda wa hatua mbili za mwanzo unakilika wote. Wenye mapovu kata palipooza, uokoe palipobaki leo hii, maana asidi inayotoka hapo inakula hata bati la mkebe. Tonge na unga vizamishe majini, kisha waite wazimamoto.

Sasa kipimo ambacho wengi hukiruka. Laza mkanda mezani bila kuuvuta, uhesabu matundu 100 ya ukingoni, upime urefu wake kwa rula. Mkanda mpya ni milimita 475, yaani 4.75 kwa kila tundu. Ukisoma 471, umesinyaa kwa takriban asilimia 0.8, na hapo matundu hayalingani tena na meno ya mashine. Ukilazimisha, meno yatapasua kingo fremu baada ya fremu. Pima mwanzoni, katikati na mwishoni, kwani mkanda hausinyai sawasawa. Uliosinyaa upeleke kwenye skana isiyo na meno. Kunja taratibu kila kiungio pia: gundi ya zamani hukauka na kuachia, na filamu za habari zimejaa viungio. Selotepu ya ofisini marufuku, gundi yake huvuja hadi kwenye picha za jirani.

Usikate vichwa vya mkanda wala kingo zenye alama. Mkanda wa Kodak uliotengenezwa Rochester, Marekani, una alama ya mwaka wa kutengenezwa ukingoni: duara kwa 1916, mraba kwa 1917, pembetatu kwa 1918, na alama hurudi kila baada ya miaka 20. Shoti inayodaiwa kupigwa kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916 ikiwa na mraba, basi ama ni nakala au lebo inadanganya. Ukingo huo ni ushahidi sawa na picha yenyewe. Hata The Battle of the Somme, filamu ya wapigapicha Malins na McDowell inayotunzwa na Imperial War Museums, makumbusho ya vita ya Uingereza, na kuingizwa na UNESCO kwenye Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2005, ina shoti maarufu ya kutoka handakini inayoaminika kuwa iliigizwa.

Kamera za Vita vya Kwanza vya Dunia zilizungushwa kwa mkono, fremu 16 hadi 20 kwa sekunde. Skani kila fremu mara moja, kasi uiamue wakati wa kuonyesha. Ukionyesha kwa fremu 24 kwa sekunde, majeruhi wanaonekana wanakimbia, na huko ni kuwakosea heshima.

Ukishaskani usitupe nitreti. Skana ya kesho itaona zaidi. Ghala la BFI (taasisi ya filamu ya Uingereza) la Gaydon, Uingereza, huhifadhi kwa nyuzi 5 chini ya sifuri na unyevu wa asilimia 35. Nitreti itengwe na asetati, na mkebe wake upitishe hewa. Siku ya kuitoa kwenye baridi, funga mkebe ndani ya mfuko wa plastiki na uuache saa 24 kwenye joto la chumba. Ukiufungua mapema, umande utatua moja kwa moja juu ya picha.