Jibu: Kwa nini talaka haikufunguliwa pale pale, Ontario

Dada, umeuliza kwa nini mahakama iliyoamua matunzo ya mtoto imelikataa ombi lako la talaka. Hapa Ontario, jimbo la Kanada, talaka na mgawanyo wa mali ya ndoa si kazi ya mahakama hiyo bali ya Superior Court of Justice, mahakama ya juu ya jimbo, ambayo pia husikiliza kesi za mauaji mbele ya baraza la raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Majaji wake huteuliwa na serikali ya Kanada, kwa kifungu cha 96 cha Katiba ya 1867. Majengo na makarani ni wa jimbo. Naupenda mpango huo, kwani jimbo haliwezi kujichagulia majaji hao. Mahakama imegawanywa kanda 8. Ikiwa ombi linagusa malezi, lifungue manispaa anayoishi mtoto.