Kuunganisha DAM na Google Drive ya ofisi: amueni kwanza faili la asili linakaa wapi

Mkuu, kwa maelezo yako ofisi yenu ina picha na video za miaka mingi ziko Google Drive, sasa mmechukua mfumo wa DAM (yaani ghala la kutunza picha na video kidijitali) na bosi anataka viunganishwe, watu waendelee na Drive waliyoizoea alafu DAM ijijaze yenyewe. Naona umeshashauriwa uweke sinki ya pande mbili, kinachobadilika huku kibadilike na kule. Mi hapo nakataa kabisa. Hii ndo kazi inayonilisha hapa Dar, naunganisha hii mifumo kwa mashirika na kampuni za matangazo, na nakuomba sana hiyo sinki ya pande mbili usiiguse.

Sababu ni hii. Drive inahifadhi na kugawa, inachojua hasa ni jina la faili, folda na tarehe. DAM inatunza faili pamoja na habari zake: nani kapiga, wapi, mradi gani, aliyepigwa karidhia itumike wapi na mpaka lini. Ukiziunganisha pande zote mbili, mtu wa uhasibu laptop imemjaa anafuta folda apate nafasi, Drive inatii, DAM nayo inatii, na zile habari mlizojaza kwa mkono zinaondoka na picha. Drive inakaa na kilichofutwa siku 30 tu, na picha za mradi wa mwaka juzi hakuna atakayezitafuta ndani ya siku 30.

Fanyeni wanavyofanya Kariakoo, mzigo wote unakaa stoo, dukani unashushwa wa kuuza tu, na mwenye ufunguo wa stoo anajulikana. DAM ndo stoo yenu. Kwenye Drive wekeni folda mbili tu zinazogusana nayo. Moja ya kuingiza, watu wa fildi wanatupia humo, DAM inachukua, na mtu mmoja mwenye jukumu anajaza habari kabla picha haijaonekana kwa wengine. Ya pili ni ya kutumia, DAM yenyewe inashusha humo nakala zilizopunguzwa ukubwa na wote wanaruhusiwa kuangalia na kudaunilodi bila kubadili kitu. Mtu akitaka asili ya ukubwa kamili kwa ajili ya bango la barabarani anaingia DAM. Ni hivyo tu, na wafanyakazi wanaizoea haraka maana kwao bado ni Drive ileile.

Sasa kwenye kuoanisha mafaili ya Drive na ya DAM, usitumie majina. Google Drive inakubali mafaili mawili yenye jina lilelile ndani ya folda moja, Windows haikubali, na OneDrive inakataa majina yenye alama kama : au ? au * ambazo Drive inazimeza bila shida, kwa hiyo ukitegemea jina utajikuta "nembo mpya.png" ya leo imefunika ya juzi na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya. Kila faili la Drive lina ID yake, yaani namba ya utambulisho, haibadiliki hata ukilibadili jina au kulihamisha folda, hiyo ID ndo ihifadhiwe ndani ya rekodi ya DAM. Kwa kugundua picha zilizojirudia tumia MD5, namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya faili, Drive inakupa kupitia API yake (mlango wa programu kuongea na Drive) kwa mafaili ya kawaida kama picha na video. Kama kuna upande wenu unatumia Dropbox, wao wana hesabu yao, wanakata faili vipande vya MB 4 na kutumia SHA-256, njia nyingine ya kukokotoa namba kama hiyo, kwa hiyo usilinganishe namba za huku na za kule moja kwa moja, haziwezi kufanana hata kama faili ni lilelile.

Jambo ambalo wengi hawaliwazi ni habari za picha zinasafiri vipi. Maelezo unayoandika kwenye Drive yenyewe yanabaki Drive, mtu akidaunilodi picha hayatoki nayo. Ila kuna viwango vya IPTC na XMP ambavyo habari zinaandikwa ndani ya faili lenyewe, popote linapokwenda zipo. Hakikisha DAM yenu imewashwa kuandika humo wakati wa kushusha nakala. ResourceSpace kwa mfano, ambayo ni ya bure na awali ilitengenezwa kwa ajili ya Oxfam, inatumia programu ya ExifTool kufanya hiyo kazi. Na hapa lazima nizungumzie WhatsApp maana ndo njia ya wenzetu walioko fildi: picha ikitumwa kawaida inabanwa na habari zake zinafutwa, tarehe, mahali, kila kitu. Waambieni watume kama dokumenti, au bora waapulodi moja kwa moja kwenye ile folda ya kuingiza hata kama ni usiku bando likiwa rahisi. Mpiga picha kasafiri mpaka Kigoma, kazi yake inafika ofisini haina jina lake, inauma jamani.

Upande wa mitambo, kama kuna kijana anawaandikia kiunganishi, yaani programu ya kuunganisha Drive na DAM, mwambie haya. Google inaweza kukutaarifu kila faili likibadilika, lakini hiyo taarifa ina muda wa kuisha, kwa mabadiliko ya Drive nzima ni wiki moja kwa juu kabisa, lazima programu iombe upya yenyewe. Hata hivyo usitegemee taarifa peke yake, kila usiku ipite iulize nini kimebadilika tangu mara ya mwisho. Alafu kuna hii inayosumbua watu wengi sana: kiunganishi kinafanya kazi vizuri, baada ya siku 7 kinakufa, kinaruhusiwa tena, kinakufa tena. Mara nyingi ni kwamba programu imesajiliwa Google ikiwa bado kwenye hali ya majaribio, na tokeni (vibali vya programu kuingia Drive) za hali hiyo zinaisha siku 7. Itoeni kwenye majaribio. Na Google ikikujibu kwa kosa namba 429 maana yake umeuliza haraka mno, subiri, ongeza muda wa kusubiri, usirudie kwa kasi ileile.

Kuhamisha mzigo wa kwanza msiudaunilodi ofisini alafu muuapulodi tena, mtachoma bando bure. Kodisheni mashine ndogo iliyo karibu na seva ya DAM, muweke rclone, programu ya kuhamisha mafaili, ivute kutoka Drive. Tumia amri yake ya copy, siyo sync, kwa sababu sync inafuta kule kisichokuwepo huku. Anza na --dry-run, ambayo inaonyesha tu kitakachofanyika bila kuhamisha kitu, ukimaliza tumia amri ya check kuhakiki. Na ipangwe iweze kuendelea ilipoishia, mnakumbuka 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini nchi nzima ikabaki inasotea intaneti.

Kuhusu picha za watu, hasa watoto na wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023 na sura ya mtu ni taarifa yake, na kuzipeleka nje ya nchi nako kuna masharti, kwa hiyo jueni seva ya DAM iko wapi alafu mmuulize mwanasheria wenu. Sehemu ya ridhaa kwenye DAM iwe ya lazima, ridhaa ikiisha ile nakala ya Drive itolewe hapohapo na kiunganishi. Ile linki ya Drive ambayo yeyote anaweza kuifungua, izimeni kabisa kwa hizi picha. Mtu wa nje apewe linki ya DAM yenye tarehe ya kuisha.

Kitu kimoja nakihitaji kutoka kwako kabla sijaenda mbali zaidi. Hizo picha zipo kwenye shared drive (sehemu ya Drive ambayo mafaili ni mali ya ofisi, siyo ya mtu) ya akaunti ya ofisi au kwenye jimeili za wafanyakazi binafsi? Kama ni za binafsi mwenye mali kwa Google ni huyo mfanyakazi, akiondoka anaweza kuondoka nazo na kiunganishi kikabaki kinatafuta ID ambazo hazifunguki, kwa hiyo hapo mtaanza na kuhamisha umiliki, DAM baadaye.