Picha hii ni ya nani? Majibu kwa wanaotengeneza filamu za makala Kanada

Nasoma Halifax na nataka kutengeneza filamu ya makala ya dakika 20 kuhusu Africville, kijiji cha watu weusi kilichobomolewa na jiji miaka ya 1960. Mtandaoni nimekuta picha nyingi nzuri. Nikitaja nilikozitoa, inatosha?
*Msomaji, Halifax*

Haitoshi, ndugu yetu. Kutaja chanzo ni adabu, si kibali.

Anza na tarehe. Picha ya mnato iliyopigwa Kanada kabla ya 1949 haina tena hakimiliki, itumie. Za baada ya hapo, kwa kawaida hakimiliki hudumu maisha yote ya mpiga picha na miaka 70 baada ya kifo chake. Zamani ilikuwa miaka 50. Sheria ilibadilika tarehe 30 Desemba 2022, ila haikuzifunga upya kazi zilizokwisha kuwa huru. Kwa hiyo kazi za mpiga picha aliyefariki 1971 ni huru, na za aliyefariki 1972 zimefungwa hadi mwisho wa 2042. Mwaka mmoja tu, na tofauti ni kubwa kiasi hicho. Africville ilibomolewa kati ya 1964 na 1970, kwa hiyo picha nyingi unazozitamani bado zina mwenyewe.

Halafu kuna kosa ambalo wengi hulifanya: hifadhi ya nyaraka ikikuuzia nakala ya picha, haijakuuzia hakimiliki. Hayo ni malipo mawili, na mara nyingi ni kwa watu wawili tofauti. Unapoandika kuomba bei, taja nchi ambako filamu itaonyeshwa, kwa miaka mingapi, na kama ni matamasha tu au na televisheni na intaneti. Omba bei zote mbili, ya matamasha na ya kila mahali, katika barua hiyo hiyo ya kwanza. Ukilipia matamasha peke yake, siku kituo cha televisheni kitakapoitaka filamu utaanza kujadiliana upya, na mwenye picha atajua kwamba huwezi tena kuiondoa picha yake kwenye filamu.

Fungua jedwali siku ya kwanza ya kuhariri: namba ya picha, hifadhi ilikotoka, kumbukumbu namba, mwenye hakimiliki, inaanzia na kuishia sekunde ya ngapi, bei, na kama kibali kimeshafika. Wanaoliacha jedwali hadi mwisho hujikuta wamejenga kilele cha filamu juu ya sekunde 40 wasizoweza kuzilipia.

Lakini kabla ya bei, jiulize nani alishika kamera. Watu wa Africville walianza kununua ardhi pale mwaka 1848. Walilipa kodi, na bado jiji halikuwapelekea maji ya bomba wala mfereji wa maji taka. Miaka ya 1950 likaleta jaa la taka jirani yao. Kuna picha ya kibao kilichosimama karibu na kisima, kikiwataka watu wachemshe maji kabla ya kunywa na kupikia. Ukiionyesha peke yake, mtazamaji ataondoka akidhani uchafu ulikuwa wa wakazi. Ukiiweka baada ya mtu kueleza kodi waliyolipa, atamwona aliyenyima maji.

Kwa hiyo nenda kwenye albamu za familia. Huko ndiko utakuta kanisa likiwa bado limesimama, kabla halijaangushwa mwaka 1967, na watoto wamevaa nguo za Jumapili. Wewe ndiye upeleke skana nyumbani kwao. Usiondoke na albamu ya mtu. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa dpi 600 (vitone 600 kwa kila inchi). Ndogo ya sentimita 6 kwa 9, dpi 1200. Hifadhi kwa TIFF, faili lisilopunguza ubora wa picha, si JPEG. Skani na mgongo wake, maana majina na tarehe huandikwa huko. Iliyogandishwa kwa gundi usiibandue. Ipige kwa kamera ikiwa humo humo kwenye ukurasa, taa mbili zikiwa pembeni kwa nyuzi 45 ili karatasi isimeremete.

Naishi Kampala. Nataka kwenda Kanada kuwahoji wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Nianzie wapi, na niwahoji kwa lugha gani?
*Msomaji, Kampala*

Anzia Ottawa. Chuo Kikuu cha Carleton kina mkusanyo maalumu wa nyaraka na masimulizi ya watu hao. Usome kwanza, ili usimchoshe mzee kwa yale aliyokwisha kuyasema. Amri ya Idi Amin ilitangazwa Agosti 1972, wakapewa siku 90. Ndege za kukodi ziliwashusha Montreal, wakapokelewa kwenye kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, kisha wakatawanyika nchi nzima. Hadi mwisho wa 1973 Kanada ilikuwa imepokea karibu watu 7,000.

Lugha achague mwenyewe. Mzee aliyekuwa na duka Jinja au Mbale huenda ana Kigujarati, Kikachi, Kiingereza na Kiswahili chake cha dukani, na bei za wakati ule atazikumbuka kwa lugha aliyouzia. Akichanganya, mwache achanganye. Kazi ni ya maandishi ya tafsiri chini ya picha: mistari isizidi miwili, herufi kama 40 kwa mstari, yasikae chini ya sekunde moja wala kupita sita au saba. Tafsiri ya Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza, kwa hiyo fupisha maneno, usiongeze mstari wa tatu.

Usimuulize "ulijisikiaje?" Muulize mfukoni alikuwa na nini, ufunguo wa duka alimwachia nani, siku ya kwanza Montreal alivaa koti la nani. Maiki ndogo ibane kifuani, kama sentimita 20 chini ya kidevu. Zima friji, na funguo zako za gari ziweke ndani ya friji hiyo hiyo, hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Mkimaliza, rekodi sekunde 60 za ukimya wa chumba, watu wote wakiwa bado wamekaa. Bila sauti hiyo, kila mkato wako utasikika.

Na kabla mtu mwingine hajaiona filamu, wao waione. Kanada ina mfano mzuri wa hilo. Mwaka 1967 Bodi ya Taifa ya Filamu ilipeleka wapiga picha Kisiwa cha Fogo, Newfoundland, wakati serikali ilipokuwa inafikiria kuwahamisha wavuvi. Mwongozaji Colin Low na wenzake walitengeneza filamu fupi fupi, wakawaonyesha wanakisiwa wenyewe kwanza, na aliyehojiwa aliweza kukataa kipande chake kisitoke nje. Kwa kujiona na kusikilizana wakajadiliana, wakaunda ushirika wa uvuvi, na hawakuhama. Nasi tunashauri hivyo hivyo: mzee akisema "hapa toa," toa.

Nina kamera niliyonunua Dar. Nakwenda Winnipeg Januari. Nijiandae vipi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jambo la kwanza ni umeme. Kwetu ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), Kanada ni hezi 60, na taa za huko hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 120 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde itatoa picha inayochezacheza chini ya taa za ofisi na madarasa, na huwezi kuiponya vizuri wakati wa kuhariri. Weka shata 1/60. Fremu 25 unaweza kuziacha ili zilingane na ulizopiga Dar. Chaja yako itazame: ikiwa imeandikwa 100–240V, unahitaji adapta ya plagi tu.

Baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri ni ya kawaida Winnipeg mwezi huo. Betri zitakufa mapema, kwa hiyo beba mara tatu ya unazotumia nyumbani na uziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Iliyokufa kwa baridi usiitupe, ikipata joto huamka. Hatari kubwa zaidi ni kurudi ndani, kwani hewa ya joto ikigusa kamera ya baridi, mvuke hugeuka matone ya maji juu ya lenzi na ndani yake. Ukiwa bado nje, toa kadi na betri, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kisha ingia, na usiufungue kwa saa mbili.

Theluji nayo huidanganya kamera. Ikiachwa ijipimie mwanga, itaifanya theluji kuwa ya kijivu na uso mweusi kuwa kivuli kisicho na macho. Pima mwanga kwenye uso wa mtu, hata kama theluji nyuma yake itaungua kidogo, yaani itakuwa nyeupe tupu.

Nikipiga picha barabarani Montreal, kila anayepita lazima atie sahihi?
*Msomaji, Ottawa*

Anayepita katika umati, hapana. Anayeonekana peke yake na kutambulika, ndiyo. Quebec ni kali kuliko mikoa mingine katika hili. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kesi ya msichana aliyepigwa picha akiwa na miaka 17, amekaa kwenye ngazi za jengo mjini Montreal. Picha ilitoka bila idhini yake katika gazeti la sanaa lililouza nakala 722 tu, na bado akalipwa dola 2,000. Tembea na fomu za Kifaransa na za Kiingereza, na mwombe mtu sahihi pale pale, kabla basi lake halijafika.