Barua kwa mwanangu: uliyoniuliza kuhusu Bibi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mbusu mjukuu wangu kwa niaba yangu.

Unasema tangu tumzike Bibi, kila ukitoka zamu ya usiku na kumkuta mtoto kalala mikononi mwa dada wa kazi, unajiuliza: Bibi aliwezaje kuwa nesi miaka yote ile na kulea watoto saba, na ninyi hamkumkosa?

Tulimkosa, mwanangu. Pale msibani walisema mama hakujua kuchoka, nami sikutaka kubishana na wafiwa wenzangu, lakini alichoka sana. Zipo jioni alizokaa kitandani na viatu vyake miguuni, kimya, na hata mdogo wetu alijua kuwa huo si wakati wa kudai uji. Usijipime kwa maneno ya msibani.

Mama alizaliwa miaka michache baada ya wamisionari wa Kimennonite kutoka Pennsylvania kufika Shirati, kule mkoani Mara, hapo mwaka 1934, kwa hiyo hospitali yao ya pale na yeye walikua pamoja. Aliingia akiwa msichana wa kufua bandeji na kukunja shuka, baadaye akasomea uuguzi na ukunga. Wewe unachana pakiti, unachoma sindano, unatupa. Wao sindano zilikuwa za bomba la kioo na ncha ya chuma: unachemsha, unanoa ncha ikianza kuwa butu, unachemsha tena. Nusu ya zamu iliishia kwenye masufuria.

Ila moyo wake ulikuwa kwa wagonjwa wa ukoma. Jumamosi alikuwa akituchukua mmoja mmoja kwa zamu kwenda naye kule kwenye kituo chao, na siku yangu ilipofika, kazi yangu ilikuwa kushika beseni. Mgonjwa analoweka miguu mpaka ngozi ilainike. Mama anasugua sugu polepole, anakausha katikati ya vidole, anapaka mafuta ngozi isipasuke. Kisha anageuza wayo kuelekea mwangani na kuukagua kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Siku moja alichomoa mwiba mrefu kama njiti ya kiberiti, na mzee mwenye mguu ule alikuwa akiendelea kunisimulia habari za ng'ombe wake. Hakusikia kitu. Hapo ndipo mama aliponieleza kuwa ukoma haukati vidole vya mtu. Unaua mishipa ya fahamu, halafu mwiba, moto na kiatu kibovu vinamaliza kazi. Enzi hizo mgonjwa alimeza dawa moja, dapsoni, miaka na miaka. Dawa mseto zilipokuja miaka ya 1980, na watu wakaanza kupona kwa miezi, nilimwona mama akilia kwa furaha, naye hakuwa mtu wa machozi.

Unalijua kanisa letu, kwamba baada ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Mwaka mmoja mama mmoja aliyepona ukoma alikuja ibadani na kuketi mwisho wa benchi la akina mama. Waliokuwa karibu naye wakasogea. Wakati wa kutawadhana ulipofika, mama yangu aliinuka upande wa pili, akapita katikati na beseni lake, akapiga magoti mbele ya yule mama. Alimwosha kwa mwendo uleule wa Jumamosi, bila haraka, hata katikati ya vidole. Kisha akavua viatu vyake mwenyewe na kumpa miguu yake aioshe. Sijasikia mahubiri ya Yohana 13 yaliyoniingia kuliko yale. Ndivyo alivyokuwa hata watu walipoletwa na majeraha ya mishale na mapanga kutoka kwenye ugomvi wa mifugo kule Tarime: waliopigana walilazwa wodi moja, na alianza na anayevuja damu zaidi. Hakuuliza ukoo.

Sasa nikujibu hasa ulichouliza, aliwezaje. Aliweza kwa sababu ya Babu yako. Msibani hakuna aliyemtaja, na jambo hilo limenikaa rohoni. Babu alikuwa seremala, karakana yake iko nyumbani, na mama akiwa zamu ya usiku yeye ndiye aliyetuogesha, akasonga ugali, akapika dagaa, akatukagua kucha kabla ya shule. Kwetu, miaka ile, mwanaume jikoni! Wenzake walisema amelishwa limbwata. Yeye aliwakaribisha mezani. Bibi mzaa baba naye alihamia kwetu kila mama alipojifungua, na akina mama wa kanisani walipokezana kuleta kuni na maji bila kusubiri kuombwa. Mama alipokea vyote hivyo bila aibu. Nadhani hapo ndipo unapojiumiza, mwanangu: unataka ubebe peke yako mzigo ambao Bibi aliubeba na watu wengi.

Tulimkosa usiku, lakini alipokuwepo alikuwepo kweli. Akirudi alituamsha mmoja mmoja kabla hajalala, anatushika paji la uso kama anapima homa, anatuuliza tumeota nini, na anasubiri jibu. Mimi nilikuwa natunga ndoto ili akae zaidi.

Nimeongea na shangazi yako mdogo. Yuko tayari kuja kukaa nanyi kuanzia mwezi ujao mpaka mtoto aanze kutembea, na nauli nitamtumia mimi. Mumeo nimemwandikia barua yake peke yake, kuhusu Babu na sufuria ya ugali. Usimsomee hii, mwache asome yake.

Ni mimi baba yako.