Kulipwa kwa kripto: kitufe usikiweke kwenye gemu, kiweke kwenye invoisi

Kijana mmoja wa Mwanza ameniandikia: "Shikamoo kaka. Gemu yangu ya kwanza imekamilika, nataka watu wainunue kwa Bitcoin ili nikwepe makato ya maduka. Nianzie wapi?" Tangu niposti kwamba kazi yangu ya mwisho nimelipwa kwa USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, maswali ya namna hii hayaishi. Basi leo tuongee.

Natengeneza gemu peke yangu, hapa Dar. Inayojulikana zaidi ni ile ya konda wa daladala: unasimama mlangoni, abiria wanapanda, unadai nauli na kurudisha chenji kabla kituo hakijafika. Ukimzidishia mtu, hasara yako. Ukimpunja, gari zima linakusema mpaka Posta. Imechezwa Brazil, imechezwa Ujerumani, na Watanzania walioko Muscat ndio wanaoniandikia kuliko wote. Sifa nimezipata, tena nyingi.

Hela ndiyo ilikuwa shughuli. Duka la mtandaoni nililouzia lilikuwa linalipa kupitia mfumo ambao ukiwa na akaunti ya Tanzania unaruhusiwa kutuma pesa, kupokea hapana. Salio nalitazama kwenye skrini, linapanda, na kilo ya sukari siwezi kununua. Nikaandika kuuliza, ikanijibu mashine. Mwisho nikapitishia kwa ndugu aliyeko nje, naye akajikatia "asante" yake bila hata kuniuliza. Akisoma hapa anajijua. Sijasamehe bado.

Kripto ilinikuta katika hali hiyo, ndiyo maana naiheshimu. Lakini mchezaji hata mmoja haikuniletea. Kitufe cha Bitcoin nilikiweka kwenye ukurasa wa gemu, kikakaa pale kama pambo. Mtu anayetaka gemu ya dola 3 hana muda wa kufungua pochi ya kripto, kukopi anwani ndefu na kusubiri muamala uthibitishwe.

Na wakubwa walishajaribu kabla yetu. Steam, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilianza kupokea Bitcoin Aprili 2016, Desemba 2017 ikafunga. Valve, wenye Steam, walieleza wenyewe: walipoanza, ada ya muamala ilikuwa kama senti 20 za dola, walipofunga ilikuwa imekaribia dola 20. Juu ya hapo bei ya Bitcoin ilikuwa inapanda na kushuka kwa kasi, kiasi kwamba muamala ukichelewa, alichotuma mteja hakitoshi tena bei ya gemu. Aongeze? Anakatwa ada upya. Arudishiwe? Ada tena. Kampuni yenye wateja mamilioni ilishindwa, wewe na gemu yako moja unataka kuthibitisha nini?

Asilimia 30 wanayokata Steam kwenye mauzo inauma, sikatai. Ila wateja wako pale. Kijana wa Mwanza nimemwambia atafute ile dola 100 ya kusajili gemu, ambayo wanakurudishia mauzo yakifika dola 1,000, apandishe gemu yake. Halafu akate video fupi ya kitu kizuri kuliko vyote ndani ya gemu hiyo, awatumie studio ndogo ndogo za nje. Maana mimi hela ya kripto imeingilia mlango huo.

Studio moja ya Ulaya iliipenda foleni yangu ya abiria, jinsi wanavyosukumana, wanavyodandia, wanavyonuna. Wakataka mfumo kama ule kwenye gemu yao. Kwa benki tulijua hadithi yake: benki yao inakata, ya katikati inakata, yangu inakata, na siku zinakwenda. Wakauliza kama napokea USDT. Leteni! Dola 600 ziliingia tukiwa bado tunaongea kwenye simu. Kwa malipo machache makubwa, kutoka kwa mtu mliyeandikiana mkataba, kripto inafanya kazi. Kwa dola tatu tatu za wachezaji, sahau.

Dai sarafu inayofuata dola, kama USDT, usipokee Bitcoin kwa kazi ya mwezi mzima. Nayo usiilalie. TerraUSD nayo ilijiita dola, Mei 2022 ikaporomoka. Hata USDC, sarafu nyingine ya dola yenye heshima zake, Machi 2023 ilishuka chini ya senti 90 kwa muda baada ya kuanguka kwa Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyotunza sehemu ya akiba yake. Ikiingia, naitoa.

Mambo ya vidole sasa. Mwambie anayekulipa apitishie mtandao gani wa kripto: anwani ya Tron huanza na T, ya Ethereum huanza na 0x, na ukikosea mtandao hakuna wa kumpigia simu. Atume dola 5 kwanza za kujaribu. Weka TRX, sarafu ya Tron yenyewe, kidogo kwenye pochi, kwani ada ya Tron hukatwa kwa TRX, na ukiwa na USDT tupu hela inakaa pale unaitazama. Yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yako yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha.

Unapouza USDT kwa mtu ili akutumie M-Pesa, usiamini SMS. Kuna jamaa alinitumia moja safi kabisa, jina, kiasi, salio jipya, isipokuwa ilitoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Nikapiga *150*00#, salio lilelile la asubuhi. Yeye huku ananikimbiza: "Kaka achia mzigo, nimeshatuma." Sikuachia. Usiachie. Angalia salio kwanza, na jina la aliyetuma lifanane na la unayefanya naye biashara.

Alikuja pia mwingine, kavaa vizuri, anataka kila konda kwenye gemu yangu awe tokeni (NFT), yaani mali ya kidijitali ya kuuzwa kwa kripto. Nilikataa, akaniita mshamba. Steam ilikuwa imeshazipiga marufuku gemu za aina hiyo tangu Oktoba 2021, na Machi 2022 mtandao wa Ronin, uliobeba Axie Infinity, gemu ya tokeni kama hizo, uliibiwa mali ya zaidi ya dola milioni 600. Ushamba wangu umenisaidia.

Kuhusu sheria, msijifanye hamsikii. Novemba 2019 Benki Kuu yetu ilitangaza kwamba sarafu hizi haziruhusiwi. Juni 2021, Rais Samia akiwa Mwanza, akaitaka Benki Kuu hiyohiyo ijiandae nazo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali. Changanya mwenyewe, kisha kamuone mtu wa kodi kabla hajakutafuta. Kenya nao walianza na asilimia 3 yao Septemba 2023, mwaka 2025 wakaiondoa na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma, na Oktoba mwaka huo wakapata sheria kamili.

Vijana tunapenda njia ya panya halafu tunalia tukikwama humo. Andika kila kitu. Invoisi zangu zote ziko kwenye folda moja: tarehe, dola, shilingi nilizopata siku ile, namba ya muamala. Mhasibu wangu hajui Tron ni mnyama gani, lakini folda hiyo anaielewa.