Maswali na majibu: wazungu wa kale walisemaje "hili jambo ni muhimu"?

Wiki iliyopita niligusia Kiingereza cha kina Shakespeare nikajua watasoma watu watatu, kumbe mpo wengi, meseji zimejaa. Nimechukua zile zinazozunguka kitu kimoja, kwamba wale watu walikuwa wanasemaje jambo ni zito, maana ukiwasoma neno "important" hulioni sana, na ukiliona linaweza kukuingiza chaka.

Swali: Hamlet, yule wa tamthilia ya Shakespeare, anasema "enterprises of great pith and moment". Moment si ni muda kidogo tu? Sasa mipango mikubwa ya muda kidogo ndo nini?

Rudi kwenye fizikia ya sekondari ndugu yangu, ile mada ya moment, ubao umeegemezwa katikati, huku kuna jiwe kubwa liko karibu, kule kuna kajiwe kadogo kako mbali, na bado kale kadogo kanainamisha ubao wote. Ndo hiyohiyo. Neno limetoka Kilatini, momentum, yaani kusogea, wakalitumia pia kwa kile kinachosogeza mkono wa mizani. Mfikirie sonara ana mizani yake ndogo, dhahabu huku mawe kule, mkono umetulia tuli, anadondosha kapunje kamoja tu na upande mmoja unashuka. Kale kapunje ndo moment! Kwa hiyo jambo "of great moment" ni lile ambalo likiwekwa tu mizani inalala upande mmoja. Ile maana ya muda mfupi nayo imezaliwa humohumo, kapunje ka wakati.

Pith ni ule moyo wa katikati ya mti, kiini. Ila jua toleo la Hamlet la 1604 limeandika "pitch", yaani kimo, kama mwewe anavyopaa juu kabisa, "pith" ni la toleo la 1623. Watu wanavutana mpaka leo, mi nakaa na 1623.

Swali: Kwenye Romeo na Juliet padri anasema "The letter was not nice but full of charge, of dear import". Barua haikuwa nzuri? Na charge ni hela ya posta?

Hahaha, hela ya posta nimeipenda. Hapana dada, na huu mstari ngoja niutulie nao kwa sababu kwa kweli sijui mwingine unaobeba mambo mengi hivi kwenye swali letu.

Kwanza kilichotokea. Padri Laurence amempa Juliet dawa ya kulala kama maiti, na amemwandikia Romeo aliyeko Mantua kumwambia jamani mkeo hajafa, njoo umchukue. Barua kampa mtawa mwenzie, John. Huyu John akaenda kwanza kumtafuta mtawa mwingine wasafiri wote, akamkuta anahudumia wagonjwa, wakaguzi wa mji wakahisi nyumba ina tauni wakapiga mlango lakiri, hakuna kutoka. Barua ikarudi ilivyokwenda. Ndo Laurence anaposema maneno hayo, na fuata yanavyopanda.

"Nice" wakati ule haikuwa nzuri. Ilianzia Kilatini kwenye maana ya mjinga, ikapita kwenye upuuzi na udogo, huo uzuri umekuja baadaye sana. Kwa hiyo "not nice" ni kusema haikuwa barua ya mchezo. "Full of charge", charge ni shehena, mzigo uliopakiwa, kwa hiyo karatasi nyepesi kabisa lakini imejaa mzigo. "Dear" ni ghali, ya thamani, leo kwenye "dear sir" haina kazi tena. Na "import" ni kile kilichobebwa ndani, neno moja na import ya bandarini, kontena limeleta nini. Mchezo, mzigo, bei, kilichomo, na halafu anamalizia kwamba kuipuuza "may do much danger". Mtu wa leo angeandika "very important letter" akaenda kulala.

Swali: Kwa hiyo important hawakuwa nalo kabisa?

Walikuwa nalo, ila cheki lilivyotumika. Kwenye Much Ado About Nothing, tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa 1600, Beatrice anamwambia binamu yake Hero kama mwana wa mfalme akiwa "too important" amwambie kila kitu kina kipimo. Hapo maana yake king'ang'anizi, mtu anayekusumbua akubaliwe sasa hivi. Hii maana ya kwetu nayo ilikuwepo, ila haikuwa neno la kukimbilia kama sasa. Na sisi tusiwacheke, "muhimu" yetu kwa Kiarabu iko mzizi mmoja na hamu na hima, yaani kitu kinachokushughulisha moyo.

Swali: "Person of consequence" ndo mtu gani? Mwenye matokeo?

Mtu mzito. Basi. Akifanya kitu kuna kitu kinafuata. Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, analipenda hili, kwenye Pride and Prejudice ya 1813 Darcy anagoma kucheza na Elizabeth anasema hana mood ya kuwapa "consequence" mabinti walioachwa na wanaume wengine, yaani hataki kuwapa uzito. Jeuri tupu.

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina nakala ya kitabu cha safari za Gulliver iliyopigwa kama toleo la 1726, kila jina la kitu lina herufi kubwa. Ni kuonyesha umuhimu?

Shikamoo mwalimu. Nusu ndiyo nusu hapana. Karne ya 17 na mwanzoni mwa 18 wachapaji walifikia kuweka herufi kubwa karibu kwenye kila nomino, kama Wajerumani hadi leo, kwa hiyo ikishakuwa kila neno basi hakuna lililo kubwa. Ilipokuja kuachwa Benjamin Franklin alilalamika, alimwandikia Noah Webster, mtunga kamusi wa Marekani, mwaka 1789 kwamba wachapaji wameziondoa kwa kupenda mstari uonekane umenyooka, na hata zile herufi za mlazo za maneno ya kutilia mkazo wanaziacha. Yeye mwenyewe alikuwa mchapaji, kwa hiyo alikuwa anawasema wa nyumbani.

Swali: Nikiandika "a matter of great moment" kwenye barua ya kazi itapendeza?

Usithubutu. HR atadhani umekopi mahali.

Swali: Na wakitaka kusema haina umuhimu je?

"It skills not." Wala si skills za kwenye CV, ni haidhuru, haina tofauti. Kwenye Twelfth Night yule mchekeshaji anakabidhi barua ya Malvolio, msimamizi wa nyumba aliyefungiwa kama kichaa, imechelewa, anakiri mwenyewe alitakiwa kuileta asubuhi, anajitetea kwamba barua za kichaa si injili kwa hiyo "it skills not much when they are delivered". Tena barua! Sijapanga, ila ukitafuta maneno ya uzito kwa Shakespeare unaangukia kwenye barua.

Na kubwa kuliko zote iko kwenye Julius Caesar, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Artemidorus, mtu anayetaka kumwokoa Kaizari, ana karatasi yenye majina ya wote waliopanga kumuua. Decius, mmoja wa hao wapanga njama, anamchomekea Kaizari ombi la mwenzie Trebonius alisome kwa nafasi yake, Artemidorus anapiga kelele soma yangu kwanza, maana yangu "touches Caesar nearer", inakugusa wewe mwenyewe kwa karibu. Kwa wakati ule hakuna namna kali zaidi ya kusema ni muhimu, na kosa ni hapohapo, Kaizari yuko mbele za watu, anajibu kinachotugusa sisi wenyewe kitakuwa cha mwisho. Jamaa anasisitiza isome sasa hivi. Kaizari anauliza, huyu ana wazimu? Wanamsukuma pembeni, msafara unaingia ndani.